Swali la Kumwuliza Mwindaji: Wainuiti, Dubu Mweupe na Hesabu za Barafuni

Mwindaji wa Kiinuiti, yaani wa wenyeji wa asili wa Aktiki ya Kanada na Greenland, akikuta unyayo wa dubu mweupe kwenye theluji, huvua glavu na kubonyeza ukingo wake kwa kidole. Ukingo ukiwa laini bado, na chembe zilizorushwa na kucha hazijashikana, dubu yuko karibu. Baada ya saa chache theluji iliyokanyagwa hushikana na kuwa ngumu. Upepo ukivuma siku moja au mbili, theluji nyepesi ya pembeni hupeperuka na ile iliyoshindiliwa hubaki, hata nyayo zikawa vinundu vilivyoinuka badala ya mashimo. Dume mkubwa ana hatua ndefu, vidole vya mbele vimeelekea ndani, na manyoya ya miguu yake huchora mikwaruzo kati ya hatua na hatua. Jike anayelea huongozana na nyayo ndogo zinazoingia na kutoka kwenye njia yake. Njia iliyonyooka ni ya dubu anayesafiri. Njia inayozungukazunguka penye matuta ya barafu ni ya dubu anayenusa sili, mnyama wa bahari ambaye ndiye windo lake kuu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wawindaji wa Nunavut, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Kanada, walionyeshwa nyayo zilezile, kila mmoja peke yake, wakaulizwa jinsia ya dubu, umri wake, ukubwa wake na muda uliopita tangu apite. Majibu yao yalikaribiana. Watafiti hawakulitafuta jambo hilo kwa udadisi tu. Kama wawindaji wanaweza kusoma nyayo kwa namna ileile, basi usomaji wao ni kipimo, na kipimo kinaweza kutumika katika uhifadhi.

Naandika haya kwa sababu mjadala kuhusu dubu mweupe umekuwa ukigawanywa pande mbili, wanasayansi huku na Wainuiti kule, kana kwamba lazima mmoja awe amekosea. Nikiangalia yaliyotokea Kanada na Greenland kwa miaka hamsini iliyopita, naona ugomvi mwingi ulizaliwa na swali lililoulizwa vibaya. Mwindaji anajua mambo ambayo helikopta ya watafiti haiwezi kuyaona, na helikopta inaona eneo ambalo hakuna mwindaji mmoja anayelimaliza. Ukimwuliza kila mmoja lile alilolishuhudia, majibu hukaa pamoja. Ukimwuliza asiloliona, umetafuta ugomvi.

Yanayojulikana barafuni

Dubu mweupe huishi kwa sili, hasa yule mdogo mwenye madoa ya duara mgongoni, na sili huyo huishi chini ya barafu ya bahari akipumua kwa matundu anayoyachimba kwa kucha. Mwindaji wa Kiinuiti naye humvizia sili huyohuyo kwenye tundu hilohilo, kwa chusa au bunduki. Hapo ndipo ujuzi unapoanzia: watu na dubu wamekuwa wakiwinda chakula kimoja, mahali pamoja, kwa njia zinazofanana. Dubu husimama kimya juu ya tundu, pua imeelekea penye upepo, na anaweza kungoja saa nyingi. Majira ya kuchipua, sili jike huzaa ndani ya kijumba cha theluji juu ya tundu lake. Dubu hunusa kijumba hicho, huinuka kwa miguu ya nyuma na kuangusha uzito wake wote kwenye dari mpaka libomoke.

Akipata sili, dubu aliyeshiba hula mafuta tu na kuacha nyama. Mzoga uliobaki humwambia mwindaji hali ya eneo zima. Mizoga yenye nyama nyingi huonyesha kwamba sili ni wa kutosha, na mizoga iliyotafunwa mpaka mifupa huonyesha dubu wenye njaa. Mbweha wa aktiki huishi kwa mabaki hayo, kwa hiyo hata nyayo za mbweha ni sehemu ya taarifa. Mvua ikinyesha mapema kuliko desturi, dari za vijumba huanguka, watoto wa sili hubaki wazi, na mwaka huo dubu hushiba upesi lakini miaka inayofuata sili hupungua. Wawindaji husimulia mlolongo huo wote kwa pamoja, kuanzia hali ya hewa hadi unene wa dubu, ilhali katika vyuo vikuu mara nyingi hugawanywa kati ya idara tatu.

Mapango ya uzazi nayo yana alama zake. Jike mwenye mimba huchimba pango kwenye lundo la theluji lililojengwa na upepo, aghalabu kwenye mteremko au ukingo wa mto, kati ya Oktoba na Novemba. Watoto, kwa kawaida wawili, huzaliwa katikati ya majira ya baridi wakiwa na uzito wa gramu 600 hivi, na familia hutoka Machi au Aprili. Kwa miezi yote hiyo mama hali kitu. Kutoka nje, pango huonekana kama theluji nyingine yoyote, isipokuwa kitundu kidogo cha hewa chenye umande ulioganda ukingoni, wakati mwingine wenye rangi ya manjano kidogo. Wazee walikipata kwa kutazama, kwa mbwa, na kwa kuchoma theluji kwa mpini wa chusa wakisikiliza pale unapozama ghafla. Siku hizi jike aliye pangoni na familia yenye watoto hairuhusiwi kuwindwa, na ujuzi wa kutambua mapango hutumika kuepusha njia za pikipiki za theluji na mitambo ya migodi zisipite hapo.

Kuna na ujuzi wa jikoni, ambao ni wa kufa na kupona. Nyama ya dubu huchemshwa muda mrefu, kwa sababu hubeba minyoo ya trikinela inayojificha kwenye misuli. Ini haliliwi kabisa, na mbwa hawapewi. Wavumbuzi wa Ulaya waliopuuza katazo hilo waliugua vibaya, ngozi ikawabambuka. Mwaka 1943 Rodahl na Moore walionyesha kwamba ini la dubu mweupe lina vitamini A nyingi mno, kiasi cha kuwa sumu. Wainuiti hawakuhitaji jina la vitamini ili wawe na katazo sahihi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa mawe. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 wasafiri waliandika kwamba Wainuiti wanasema dubu humuua walarasi, yule mnyama mkubwa wa bahari mwenye pembe mbili ndefu, kwa kumpiga kichwani kwa jiwe au bonge la barafu. Charles Francis Hall alilichapisha simulizi hilo pamoja na mchoro mwaka 1865. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wengi waliliweka kapu la hadithi. Mwaka 2021 Ian Stirling, Kristin Laidre na Erik Born, watu waliotumia maisha yao kumchunguza dubu huyu, walikusanya masimulizi ya wawindaji, wakayaweka pamoja na rekodi za dubu aitwaye GoGo wa bustani ya wanyama ya Osaka, aliyeonekana akitumia vitu kuangusha nyama iliyoning'inizwa. Hitimisho lao lilikuwa la tahadhari: dubu kutumia kifaa kwa ajili ya walarasi ni jambo linalowezekana, ingawa si la kila siku. Wawindaji nao hawakudai zaidi ya hapo. Walisema hutokea mara chache.

Kutoka mazoea hadi sheria

Mwaka 1973, mjini Oslo, nchi tano zenye dubu hawa (Kanada, Denmark kwa niaba ya Greenland, Norwei, Marekani na Umoja wa Kisovyeti) zilitia saini mkataba wa kuwahifadhi. Hofu ya wakati ule ilikuwa uwindaji wa kupindukia, ukiwemo ule wa kutumia ndege. Mkataba ulipiga marufuku uwindaji kwa jumla lakini ukawaachia wenyeji kuendelea kwa njia na haki zao za jadi. Kanada, ambako wako takriban theluthi mbili ya dubu weupe wote duniani, ilikuwa imeshaanza mgawo wa idadi tangu mwaka 1968.

Kilichobadilisha mambo kweli ni Mkataba wa Nunavut wa mwaka 1993, uliozaa Nunavut kama eneo lenye serikali yake tarehe 1 Aprili 1999. Kwa mkataba huo kila kijiji kina chama cha wawindaji, vyama hivyo vina jumuiya za kanda, na juu yake kuna bodi ya wanyamapori yenye wajumbe tisa: wanne wamependekezwa na Wainuiti, wanne na serikali, na mwenyekiti. Bodi husikiliza watafiti na wazee katika kikao kimoja, kisha huamua idadi ya dubu watakaowindwa katika kila eneo. Waziri anaweza kukataa au kurekebisha uamuzi, lakini lazima atoe sababu kwa maandishi. Huu ndio moyo wa jambo. Maarifa ya jadi yanayokusanywa na kuwekwa kabatini bila nguvu ya kuamua hayahifadhi mnyama yeyote.

Mgawo unafanya kazi hivi. Kijiji hupewa idadi ya vibali. Chama huvigawa, mara nyingi kwa kura ya bahati nasibu, na mwenye kibali ana muda maalumu wa kuwinda kabla hakijapita kwa mwingine. Akifanikiwa, hupeleka kwa afisa wa wanyamapori taya la chini au jino dogo lililo nyuma ya chonge, uthibitisho wa jinsia, kipande cha mafuta au nyama, na alama ya sikioni kama ipo, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Jino hukatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini: matabaka ya mwaka huhesabika kama yale ya mti. Mafuta hueleza dubu alikula nini na amebeba sumu gani za viwandani. Dubu aliyeuawa kwa kujihami huhesabiwa ndani ya mgawo huohuo, kwa hiyo kijiji kinachovamiwa mara kwa mara hupoteza vibali vya uwindaji halali. Kwa miaka mingi kanuni ilitaka madume wawili kwa kila jike mmoja, ili kulinda wazazi. Wazee walilalamika kwamba madume wakubwa wanamalizwa na mpangilio wa kuzaliana unavurugwa. Mpango wa usimamizi ulioidhinishwa mwaka 2019 uliruhusu hadi jike mmoja kwa kila dume mmoja.

Kuhesabu kiumbe mweupe kwenye eneo jeupe

Ugomvi mkubwa umekuwa kwenye hesabu, kwa hiyo hapa inabidi tukae.

Njia ya zamani ni kukamata, kuweka alama, kuachia, kisha kukamata tena. Dubu hupigwa kishale cha dawa ya usingizi kutoka kwenye helikopta, huwekewa alama masikioni na namba mdomoni kwa ndani, na hung'olewa jino dogo. Tuseme mwaka wa kwanza umewawekea alama dubu 100. Mwaka wa pili unakamata 80, na 20 kati yao wana alama. Robo ya uliowakamata wana alama, kwa hiyo wale 100 ni robo ya wote, na jumla ni 400. Hesabu ni rahisi. Ugumu uko kwenye masharti yake. Kama unakamata kila mwaka kwenye pwani ileile na dubu wa hapo ni wale wale wanaorudi, utakuta wenye alama 40 badala ya 20, na jumla itashuka hadi 200 ingawa hakuna dubu aliyekufa. Kama wenye alama wamehamia nje ya eneo lako, utakuta 10, na jumla itapanda hadi 800 bila dubu hata mmoja kuzaliwa.

Wawindaji hawakuandika hesabu hiyo, lakini waliligusa tatizo lake hasa. Magharibi mwa Ghuba ya Hudson, nchini Kanada, ukamataji mwingi ulifanyika kuzunguka mji wa Churchill, huku watu wa Arviat, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, wakisema dubu wako kila mahali na wanazidi. Watafiti walikuwa na makadirio ya dubu 1,194 mwaka 1987 na 935 mwaka 2004. Mwaka 2005 mgawo wa Nunavut katika eneo hilo ulipandishwa hadi 56 kwa kufuata ushahidi wa wawindaji. Baada ya makadirio ya chini kuchapishwa ulishushwa hadi 38, kisha hadi 8. Hebu fikiria kijiji ambacho watoto hawawezi kucheza nje wakati wa vuli kwa sababu ya dubu, kisha kinaambiwa dubu wamepungua na vibali ni vinane kwa eneo zima.

Mwaka 2011 pwani yote ilihesabiwa kwa ndege, na makadirio yakawa takriban dubu 1,000. Kila upande ulisema umeshinda. Hesabu za ndege zilizofuata zilitoa 842 mwaka 2016 na 618 mwaka 2021. Je, wawindaji walikosea? Hapa nasisitiza tuangalie walichosema. Walisema wanaona dubu wengi zaidi Arviat, na hilo ni kweli. Maji ya Ghuba ya Hudson huzunguka kinyume cha saa, na barafu huanza kushika upande wa kaskazini-magharibi. Vuli inapochelewa, dubu waliofunga tangu barafu ilipoyeyuka hutembea kando ya pwani kuelekea kaskazini wakiifuata barafu mpya, na Arviat iko njiani. Kipindi kisicho na barafu kimeongezeka kwa wiki kadhaa tangu miaka ya 1980, kwa hiyo dubu hukaa njiani muda mrefu zaidi, wakiwa na njaa zaidi, na kuonekana na watu zaidi. Isitoshe, dubu wasumbufu wa Churchill hukamatwa, huzuiliwa kwenye jengo maalumu, kisha hupelekwa kwa helikopta upande wa kaskazini. Watu wa Arviat wameulalamikia utaratibu huo kwa miaka.

Kwa hiyo idadi ya eneo lote inaweza kushuka wakati idadi mlangoni inapanda. Na hata hiyo 618 haijafunga mjadala: katika hesabu za mwaka huohuo 2021, eneo jirani la kusini mwa ghuba lilipanda kutoka 780 hadi 1,119. Sehemu ya dubu huenda walivuka mstari tu. Wazee wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba mipaka iliyochorwa kwenye ramani dubu hawaijui.

Kwingine wawindaji walithibitishwa waziwazi. Kwenye Mlango-bahari wa Davis, kati ya Kanada na Greenland, makadirio ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa chini ya dubu 1,000. Wainuiti walisisitiza kwamba wameongezeka sana, na sili nao wameongezeka. Utafiti wa 2005 hadi 2007 ulipata dubu 2,158 hivi. Kwenye Ghuba ya Baffin, mgawo wa Nunavut ulipandishwa kutoka 64 hadi 105 kwa kauli ya wawindaji, kisha ukaanza kupunguzwa vibali kumi kila mwaka kuanzia 2010 kwa hofu kwamba, ukijumlisha na wanaowindwa upande wa Greenland, dubu watakwisha. Sampuli za miaka ya 2011 hadi 2013 zilitoa makadirio ya 2,826. Watafiti wenyewe walionya kwamba idadi hiyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ile ya miaka ya 1990, kwani sampuli za zamani hazikufika maeneo yote. Naheshimu onyo hilo. Lakini linamaanisha pia kwamba hofu ya kupungua ilijengwa juu ya hesabu iliyokuwa na pengo, na wawindaji walikuwa wamelitaja pengo hilo.

Na kuna upande wa pili. Kwenye mlango-bahari wa M'Clintock, kati ya visiwa vya Nunavut, makadirio yaliporomoka kutoka 900 hivi katika miaka ya 1970 hadi 284 karibu na mwaka 2000. Uwindaji ulifungwa mwaka 2001, na ulipofunguliwa mwaka 2004 ulikuwa dubu watatu tu kwa mwaka. Kijiji cha Gjoa Haven kiliumia: mapato yalikatika, na vijana wakakosa miaka ya kujifunza barafuni kwa wazazi wao. Utafiti wa 2014 hadi 2016 ulitoa makadirio ya 716. Mgawo wa awali ulikuwa mkubwa mno, na kufunga kulisaidia. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu kumheshimu mwindaji hakudai tuseme kila mgawo ulikuwa salama.

Dawa, kishale na kinyesi

Pingamizi la Wainuiti dhidi ya dawa ya usingizi lilichukuliwa kwa muda mrefu kama imani tu. Imani ipo: dubu husikia anavyozungumziwa, hatukanwi, hachezewi, na anayejisifu juu yake huadhibiwa. Pamoja nayo kuna sababu za kila siku. Dubu aliyepigwa dawa si salama kuliwa mara moja, na mwindaji aliye mbali hana njia ya kujua alipigwa lini. Mikanda ya shingoni inayotumiwa kuwafuatilia huwakera dubu na wakati mwingine kuwajeruhi. Dubu aliyekimbizwa na helikopta hupandwa na joto jingi, maana mafuta yake yameumbwa kuzuia joto lisitoke.

Vyama vya wawindaji vilishinikiza, na mbinu zikabadilika. Sasa Nunavut hutumia sana kishale kinachonyofoa kipande kidogo cha ngozi na kuanguka chenyewe. Dubu halazwi usingizi, hagusani na mtu, na vinasaba vya kipande hicho hufanya kazi ya alama ya sikioni: dubu yuleyule akipigwa tena mwaka unaofuata, au akiwindwa na sampuli yake kuletwa, anatambulika. Ghuba ya Baffin ilihesabiwa kwa njia hiyo. Wawindaji wa Gjoa Haven walikwenda mbali zaidi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Queen's: walikusanya kinyesi na manyoya ya dubu walipokuwa safarini. Manyoya hunaswa kwenye vituo vya nyaya vyenye chambo. Kinyesi huokotwa kikiwa kimeganda, hutiwa katika mfuko na kuandikiwa mahali na tarehe, na hubaki kwenye baridi mpaka maabara. Kikiyeyuka na kuganda tena vinasaba huharibika, na hilo ndilo kosa la kawaida. Kikifika salama huonyesha dubu ni nani, jinsia yake, na alichokula.

Namna ya kuuliza

Kukusanya maarifa haya ni kazi yenye taratibu zake, na ikifanywa ovyo hutoa takataka. Kwanza ni idhini ya chama cha wawindaji na kibali cha taasisi ya utafiti ya Nunavut. Wanaohojiwa huchaguliwa na wenzao: unawauliza wanakijiji ni nani anayemjua dubu, na majina yanayorudiwa ndiyo unayoyafuata. Mahojiano hayafanywi Aprili na Mei, kwa sababu wajuzi wako barafuni na utabaki na wasiokwenda. Mezani huwekwa ramani kubwa ya eneo, juu yake karatasi angavu, na mzee huchora mwenyewe mapango, njia na kingo za barafu. Mkalimani awe anayezijua istilahi za uwindaji. Kijana hodari wa Kiingereza ambaye hajawahi kuwinda atazitafsiri aina tano za dubu kwa neno moja. Mwishoni matokeo hurudishwa kwa wahojiwa wote wakiwa pamoja, wayasahihishe kabla ya kuchapishwa.

Makosa yanajirudia. Swali la "dubu wameongezeka?" halina mahali, msimu wala muda, na kila mtu hulijibu akiwazia eneo lake. "Miaka kumi iliyopita" ni kipimo kibovu. Afadhali kuuliza kabla au baada ya kuzaliwa mtoto fulani, au kabla ya watu kuhama kambi na kuingia kijijini. Kila mtu anajua pia kwamba majibu yataathiri mgawo, kwa hiyo maswali kuhusu unene wa dubu, tabia na mahali hupata majibu huru kuliko swali la idadi. Na mzee akikujibu kwamba hajui kwa sababu hajafika huko, andika jibu hilo. Desturi ya kutosema usichokiona mwenyewe ndiyo inayoyapa mengine uzito. Wawindaji wa Coral Harbour na vijiji jirani walipoanza kusema dubu wanashinda visiwani wakila mayai ya bata wa baharini kwa sababu barafu inaondoka mapema, hawakutoa nadharia. Walitaja visiwa. Watafiti walipotazama rekodi za visiwa hivyo walikuta dubu wameongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1980, na makoloni mazima ya ndege yakikosa vifaranga.

Huko Arviat, mwaka 2010, ujuzi huo uligeuzwa kuwa doria. Wenyeji wanaojua dubu hupita wapi na huingia saa ngapi huzunguka kijiji usiku wakati wa vuli, wakiwafukuza kwa taa, pikipiki na risasi za mlio. Nyama huhifadhiwa kwenye makasha ya chuma, na mbwa wa sleji, wale wanaovuta magari ya theluji, huzungushiwa uzio wa umeme. Dubu waliouawa kwa kujihami, waliokuwa karibu wanane kwa mwaka, walishuka hadi karibu mmoja. Sijui mpango wa uhifadhi wa bei nafuu kuliko huo. Hata hivyo hatari haijaisha: mwaka 2018 watu wawili waliuawa na dubu Nunavut, mmoja wao karibu na Arviat akiwakinga watoto wake.

Maamuzi ya mbali

Machi 2010, mjini Doha, mkutano wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori, ulipokea pendekezo la Marekani la kupiga marufuku biashara yote ya kimataifa ya dubu mweupe. Wajumbe wa Kiinuiti walikwenda kulipinga, na lilianguka kwa kura 62 dhidi ya 48. Mkutano huohuo ndio ulioikatalia Tanzania ombi lake la kuuza pembe za ndovu, kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu meza ile: nchi zinaamua kuhusu mnyama anayeishi kwa watu ambao wengi ukumbini hawatakutana nao.

Marekani ilikuwa imeshachukua hatua yake. Mei 2008 ilimworodhesha dubu mweupe kama spishi inayotishiwa, na papo hapo wawindaji wa kitalii wa Kimarekani wakazuiwa kurudi na ngozi nyumbani. Nia ilikuwa njema, na sababu iliyotajwa, kuyeyuka kwa barafu, ilikuwa ya kweli. Lakini uwindaji wa kitalii nchini Kanada haukuwa ukiongeza hata dubu mmoja kwenye idadi ya wanaouawa: kibali chake kilitoka ndani ya mgawo wa kijiji. Mgeni alilazimika kuongozwa na Mwinuiti, kwa sleji ya mbwa, na alilipa maelfu ya dola zilizobaki kwa kiongozi, msaidizi na mpishi. Baada ya marufuku wageni wa Kimarekani waliacha kuja. Vibali vilirudi kwa wenyeji, nao huwinda kwa ustadi mkubwa kuliko mtalii, kwa hiyo vilitumika. Kilichopotea ni fedha iliyokuwa ikilisha timu za mbwa, katika vijiji ambavyo kazi ya mshahara ni adimu na galoni ya petroli ni ghali. Kuhusu barafu, marufuku ile haikuzuia hata tani moja ya hewa ukaa kutoka kwenye bomba la gari la Mmarekani.